Mifugo Yetu na Safari za Baharini

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi)



Katika miaka kumi hii tumesema mengi juu ya bei ya ng'ombe, na machache mno juu ya ng'ombe mwenyewe. Leo tumeonelea tuanze na yeye.

Mwezi wa Juni 2022, katika bandari ya Suakin nchini Sudani, meli iliyokuwa ikienda Saudia ilizama ingali gatini, nayo imepakiwa kondoo zaidi ya 15,000, kupita kiasi chake. Mabaharia waliokoka, kondoo walio wengi wakafa maji. Kabla ya hapo, Septemba 2020, meli Gulf Livestock 1, itokayo New Zealand kwenda China, ilizamishwa na tufani. Kati ya mabaharia 43 walinusurika 2 tu, na ng'ombe 5,867 wakapotea. Bunge la nchi ile likatunga sheria mwaka 2022, na tarehe 30 Aprili 2023 marufuku ya kusafirisha mifugo hai kwa bahari ikaanza. Uingereza nayo ilitunga sheria yake mwaka 2024, kuhusu mifugo ya kuchinjwa na ya kunenepeshwa.

Yuko atakayesema kwamba hao ni matajiri, huruma haiwagharimu. Neno hilo lastahili jibu. New Zealand ilipeleka London nyama iliyogandishwa tangu mwaka 1882, kwa meli ya matanga iitwayo Dunedin. Mfugaji wao alikuwa na mlango mwingine zamani, kabla sheria haijaufunga huu. Sisi tukifunga leo biashara ya mifugo hai iendayo Komoro, bila ya machinjio na chumba cha baridi, mchuuzi atatupa bei aipendayo yeye.

Lakini Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haingoji meli. Yahusu hata lori. Ng'ombe aliyebanwa bila maji mpaka mnada wa Pugu hupungua uzito njiani, na hasara hiyo ni ya mwenye ng'ombe, wala si ya dereva. (Madereva watusamehe.)

Kwa hiyo Kamati yaomba idhini yenu kwa mambo mawili: lori lisilo na nafasi ya kutosha wala mapumziko ya maji lisipewe mzigo wa Chama, na sehemu ya ushuru wa mwaka huu iwekwe akiba ya machinjio yetu wenyewe. Makisio yako mezani, na Bwana Mweka Hazina atayasoma sasa.