Ulimi Ukibadilika Rangi, Hesabu Wiki 2

Mazungumzo ya afya kwa wananchi waliofika kliniki



Wengi hushtuka wakiona ulimi umegeuka rangi, na wa kwanza kuulizwa huwa jirani. Jirani naye ana dawa: ndimu, magadi, mswaki usuguliwe kwa nguvu. Ulimi uliokuwa na doa tu sasa una kidonda.

Rangi peke yake haisemi mengi. Ulimi mweusi ulioota kama nywele hutisha, lakini kwa kawaida ni vijinyama vya juu ya ulimi vilivyorefuka vikashika rangi ya chai, kahawa au moshi wa sigara. Wakati mwingine hutokea baada ya dozi ya antibiotiki. Ukisafishwa taratibu kwa mswaki laini, hurudi. Mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, leo hapa kesho pale, hayaambukizi. Mwenye nayo apunguze pilipili yakimchoma.

Mtoto mchanga ndiye wa kuangaliwa sana. Weupe wa maziwa hufutika kwa kitambaa safi chenye maji. Usipofutika, au ukiacha wekundu, huenda ni fangasi. Asipakwe asali, maana kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1 inaweza kuleta sumu inayolegeza misuli hadi ashindwe kupumua. Apelekwe zahanati, na mama anayenyonyesha achunguzwe chuchu, la sivyo wataambukizana tena na tena.

Mtu mzima naye hupata utando huo: mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayelala na meno bandia, au anayevuta dawa ya pumu ya kuzuia uvimbe bila kusukutua baadaye. Dawa hiyo isiachwe; kinywa ndicho kisukutuliwe. Ulimi mwekundu, laini, unaouma unaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, na hapo damu ipimwe kwanza.

Lililo zito ni hili. Kidonda, uvimbe au baka lisilofutika likipita wiki 2, mwenye nalo aonwe na daktari wa meno hata kama haliumi, kwa sababu saratani ya ulimi inaweza kuanza bila maumivu. Wavutaji sigara, watafunaji tumbaku na wanywaji pombe ndio walio hatarini zaidi. Baba akishikilia kwamba ni jino tu linamkwaruza, basi jino hilo litengenezwe, na kidonda kisipopona arudi aonwe tena.