Mzee na Kigoda Chake: Nguvu za Mwili na Kujitegemea Uzeeni



Karatu ikitajwa kwa habari ya miguu, anayekumbukwa kwanza ni mwanariadha Filbert Bayi, aliyezaliwa huku mwaka 1953, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tuna haki ya kujivunia. Lakini leo nataka tuangalie miguu mingine, ile ya bibi wa miaka 75 anayeamka saa tisa usiku, yuko peke yake chumbani, anataka kwenda chooni. Choo kiko nje, hatua kama 30 hivi, na ni cha shimo. Mvua imenyesha, udongo wetu mwekundu unateleza. Akifika, akachuchumaa, akanyanyuka na kurudi kitandani bila kumwita mtu, huyo anajitegemea. Siku akishindwa kunyanyuka, maisha yake yanageuka. Ataanza kunywa maji kidogo ili asitoke usiku. Ataacha kwenda mnadani, kisha kanisani au msikitini, na mwisho ataona haya hata kupokea wageni.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini somo hili nilifundishwa nyumbani. Mama yangu alipofikisha miaka 70, sisi watoto wake tulikaa kikao tukaamua apumzike. Tukamtafutia binti wa kumsaidia kazi, tukamnunulia kochi laini, na jembe lake likawekwa stoo. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, na majirani walitusifu. Baada ya mwaka mmoja nilikuja likizo nikakaa naye sebuleni. Alitaka kwenda kuangalia kuku. Akashika kochi kwa mikono miwili, akainamisha kifua, akajisukuma, akarudi chini. Akavuta pumzi. Mara ya pili makalio yaliinuka kidogo, magoti yakatetemeka, akarudi tena. Mara ya tatu alisimama, mkono mmoja umeshika ukuta, akasubiri kizunguzungu kiishe. Huyu ndiye aliyekuwa akipalilia mahindi tangu alfajiri hadi jua kali. Hakuwa ameugua. Tulikuwa tumempumzisha.

Misuli isiyotumika huliwa na mwili wenyewe, na kwa mtu mzima jambo hili huenda kasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani waliwalaza kitandani kwa siku 10 watu wenye afya njema, umri wao wastani miaka 67. Siku 10 tu, na miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Sasa fikirieni mzee wetu aliyelazwa wodini wiki mbili kwa homa ya mapafu. Mapafu yanapona, anaruhusiwa, anafika nyumbani hawezi kusimama, nasi tunasema ni uzee umemwingia.

Njia ya kurudi nayo ipo. Mwaka 1990, mjini Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, umri wao wastani miaka 90, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa misuli ya mapaja. Waliomaliza wiki nane nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha mikongojo. Nikisoma matokeo hayo huwakumbuka wazee wote niliowahi kuwaambia, katika ujana wangu wa kazi, kwamba kwa umri wao hakuna la kufanya. Niliwakosea.

Lakini kwa nini twende mpaka Boston wakati bonde la Ziwa Eyasi liko hapo chini? Wahadzabe, wanaoishi huko kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, wamechunguzwa kwa miongo mingi, na yaliyoonekana kwao yamebadili elimu ya uzee duniani. Wanaanthropolojia Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliofanya kazi nao kuanzia miaka ya 1980, walikuta jambo ambalo hawakulitarajia: wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa ndio waliokuwa wakitumia muda mrefu zaidi porini, muo mkononi, wakichimba mizizi inayoitwa ekwa katika ardhi ngumu yenye mawe. Mama akiwa na kichanga, uzito wa watoto wake wakubwa uliendana na bidii ya bibi yao. Bibi aliyeketi angekuwa hasara kwa ukoo mzima, na yeye alilijua hilo.

Mwaka 2017 mtafiti David Raichlen na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya Wahadzabe katika shughuli zao za kila siku. Walikuta dakika 135 za kazi ya kutoa jasho kwa siku, na muda huo haukupungua kwa sababu ya umri. Shirika la Afya Duniani linatushauri dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Mnaona wenyewe tofauti.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi mzee asipumzike. Raichlen na wenzake, mwaka 2020, walieleza kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawasawa na watu wanaofanya kazi za ofisini. Siri iko katika namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini, na kila mkao huo unaiacha misuli ya miguu ikifanya kazi kidogo kidogo. Nasi tulikuwa nayo mikao hiyo. Kigoda cha jikoni kiliwainamisha na kuwanyanyua mama zetu mara nyingi kwa siku bila mtu kukiita mazoezi. Kochi limekiondoa, na bodaboda imeondoa kilomita mbili za kwenda kwa jirani. Sichukii bodaboda, imewafikisha wajawazito hospitali. Lakini mzee mwenye miguu mizima akipakiwa kwenda kila mahali, tunamnyang'anya kitu.

Na kazi ngumu kupita kiasi nayo huvunja. Nimewaona wanawake wa vijiji vyetu waliobeba kuni na maji mpaka magoti yakaisha. Mwenye goti lililovimba, mwenye kifua kinachobana akipanda mlima, aliyeanguka bila kujua sababu, huyo aende hospitali kwanza. Macho nayo yaangaliwe, maana mtoto wa jicho huangusha watu wengi wenye mapaja yenye nguvu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, nasi tumefungua dirisha la kuwahudumia wazee katika hospitali zetu. Ni jambo jema. Ombi langu kwa viongozi wa afya wa Karatu na Ngorongoro ni kwamba dirishani hapo pawekwe kiti kigumu na saa. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30, muuguzi ahesabu. Kipimo hiki kilitengenezwa na Roberta Rikli na Jessie Jones wa California, na akishindwa kufikisha mara 8, yuko hatarini kupoteza uwezo wa kujitegemea. Hakihitaji umeme wala dawa. Anayeshindwa afundishwe kusimama na kukaa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na kutembea mguu mbele ya mguu akiwa karibu na ukuta.

Mama yangu tulimrudishia kigoda chake, na baada ya miezi michache akalidai jembe. Kwa hiyo nawaomba: jioni hii ukifika nyumbani na mzazi wako akataka kunyanyuka, usikimbilie kumvuta mkono. Simama karibu naye, umngoje.