Mtume, Mtumwa, Mtumishi: Wito wa Utume katika Njia ya Misafara



Nimeombwa niseme juu ya wito wa Mkristo wa kuwatumikia watu na kuwashirikisha imani. Nitaanzia kwenye neno, maana neno lenyewe limepita hapa kwetu kwa miguu. Chukueni kitenzi tuma. Kutoka humo tunampata mtume, tunayemwekea sikukuu. Tunampata mtumishi, na jina hilo tunampa mchungaji, muuguzi na karani wa halmashauri. Halafu tunampata mtumwa. Mzizi ni mmoja. Kwingine mwalimu anaweza kulieleza hilo kama jambo la sarufi, akafuta ubao akaendelea na kipindi. Tabora hatuwezi. Mtumwa alipita hapa akiwa na mti wa panda shingoni, amefungwa pamoja na wenzake, wakipelekwa Bagamoyo. Baadhi ya wazee wetu walimwona. Baadhi yao walikuwa yeye.

Sasa fungueni Waraka kwa Warumi, aya ya kwanza kabisa. Paulo anapojitambulisha, anajiita kwanza mtumwa wa Kristo, kisha ndipo anasema ameitwa kuwa mtume. Tumezoea kuisoma salamu hiyo haraka ili tufike kwenye mafundisho. Naomba leo tukae hapo hapo, kwa sababu nadhani makosa yetu mengi ya utume yanatokana na kutaka kuanza na cheo cha pili kabla ya kukikubali cha kwanza.

Waliobeba

Mwezi Juni 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, liliondoka Bagamoyo kuja bara. Padre Pascal alifariki njiani mwezi Agosti, hajaiona Tabora. Wenzake walifika hapa Unyanyembe, wakagawana njia: wengine Ujiji, wengine kaskazini hadi Buganda. Haya tunawafundisha watoto wa kipaimara, na tunafanya vema.

Lakini mapadre wale hawakujibebea mahema, dawa, vitabu wala divai ya misa. Vilibebwa na wapagazi. Katika njia hii wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kazi hiyo waliifanya kwa ujira na kwa sifa. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa amekuwa mtu mzima. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Watu wa pwani walibeba kichwani. Mnyamwezi alibeba begani, na bega likaota sugu. Toka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, na katikati iko Mgunda Mkali, nyika ambayo maji yake ni ya kubahatisha. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyemaliza Mgunda Mkali na frasila mbili begani hakuuona mzigo wa mtu yeyote kuwa usufi.

Nataka tulione jambo hili waziwazi. Injili ilifika Tabora ikiwa juu ya mabega ya watu ambao wengi wao hawakuwa Wakristo. Vitabu tulivyosomewa, mvinyo wa altare, kwinini iliyowaponya wahubiri wetu, vyote vilibebwa na Mnyamwezi aliyeshika mila za babu zake au na Mwislamu wa pwani. Basi unapokwenda leo kwa jirani yako Mwislamu pale Ng'ambo au Isevya kumweleza unachokiamini, huendi kama tajiri anayekwenda kugawa. Unakwenda kama mdeni. Mdeni hubisha hodi kwa adabu, hukaa anapokaribishwa, husikiliza kwanza.

Kuna watu watatu wa misafara hiyo ambao majina yao hatuna udhuru wa kuyasahau: Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright. David Livingstone aliishi kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji huu, mpaka Agosti 1872, akaondoka nao kwenda kusini. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaanza safari ya kurudi pwani. Chuma alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Wainwright naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akasomeshwa kule Nasik, India, na ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo ule. Susi alikuwa Mwislamu. Mwezi Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa, maana njia ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Walikuwa wameamua mtu wao arudi kwao.

Mimi huwa nawaza usiku ule wa Kwihara. Watu waliochoka, wamepata ruhusa ya mkubwa ya kuutua mzigo, nao wanaunyanyua tena. Hakuna aliyewalazimisha. Mwaka huo huo wa 1873 ndipo Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Na katika njia ile ile iliyoshusha watumwa pwani, watu waliowahi kuwa watumwa walikuwa wakibeba kwa hiari yao. Susi alibatizwa miaka mingi baadaye, 1886, akachukua jina la Daudi. Huduma ilitangulia, ubatizo ukafuata kwa wakati wake.

Adrian Atiman

Wengi wenu mmelisikia jina hili. Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita sasa Mali, mnamo 1866. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwapeleka vijana kama yeye Malta wakasomee udaktari, na mwaka 1888 Atiman alitumwa Afrika Mashariki. Alipita njia yetu hii, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu. Hakuondoka. Alioa huko, akamzaa Joseph ambaye baadaye alipewa upadre, akatibu watu na kufundisha katekisimu hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka 67 mahali pamoja.

Neno kukomboa hapa lilikuwa neno la soko. Ulikomboa kitu kilichowekwa rehani, ulikomboa mtu. Ndiyo maana babu zetu walipoambiwa habari za Mkombozi hawakuhitaji maelezo marefu. Bei waliijua. Na Atiman, aliposimama mbele ya watu wa Karema akatamka neno hilo, alikuwa akieleza kilichompata mwilini mwake.

Sitaki tupite hapa bila kusema ukweli mwingine. Ukombozi wa watoto kwa fedha ulikuwa na uchungu wake. Fedha iliyomwokoa huyu ilimwachia mfanyabiashara mtaji wa kumtafuta mwingine. Na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka kulelewa wapi, kwa dini gani. Makao ya watoto hao yalikuwako hata hapa Kipalapala. Tunawashukuru waliowalea, lakini tusijifanye hatuoni: huruma inaweza kumchagulia mtu kila kitu mpaka asibakiwe na la kujichagulia. Hata leo nakuta mikutano ambapo unga na mafuta hugawiwa baada ya mahubiri, na anayeondoka mapema hupewa mkono mtupu. Huko ni kuweka imani ya mtu rehani. Kinachonivuta kwa Atiman ni kwamba mgonjwa aliyefika mlangoni kwake na jeraha aliondoka na jeraha lililosafishwa, na daktari alikuwapo tena kesho, na mwaka uliofuata, na mtoto wa mgonjwa yule alipougua. Muda mrefu namna hiyo unatosha watu kukukagua.

Ndugu zetu Wamoraviani wana ushuhuda wa namna hiyo. Walipokea kituo cha Urambo mwaka 1898, mahali ambapo daktari Southon wa Misioni ya London aliishi na watu wa Mtemi Mirambo hadi kifo chake mwaka 1882. Baadaye, Sikonge, walihudumia wagonjwa wa ukoma, watu ambao hata jamaa zao waliogopa kula nao sahani moja.

Wodini

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namwuguza kaka yangu katika hospitali moja ya mkoa huu. Kitanda cha jirani alilala mzee, Mwislamu, dereva wa malori, aliyeshushwa njiani akiwa hoi. Hakuwa na ndugu karibu. Mnajua wodi zetu: asiye na ndugu hana uji. Siku ya pili akaja mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wa jirani, amekuja kumwona mgonjwa wake mwingine. Akamwona mzee. Kesho yake alikuja na chupa mbili za uji badala ya moja, na beseni, na kipande cha sabuni. Alimnawisha mikono na uso, akamkata kucha. Akauliza kama uji una sukari ya kutosha. Alikuja siku tisa.

Siku ya nne au ya tano mzee akamuuliza, "Mama, nani kakutuma?"

Yule mama alinyamaza kidogo. Kisha akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba ametumwa na Yesu, na kwamba uji utapoa. Mzee akanywa. Baadaye wakazungumza, nikawasikia, kuhusu watoto wao, kuhusu barabara ya Nzega, na siku moja kuhusu Nabii Isa, kwa kuwa mzee mwenyewe alianza. Aliruhusiwa akiwa Mwislamu, akaenda zake akimwombea dua yule mama kwa Mungu.

Nimesoma vitabu vingi vya uinjilishaji. Sijaona mahali pengine ambapo swali la mzee yule limepangwa vizuri zaidi. Aliuliza kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuulizia. Sisi mara nyingi tunatoa jibu kwa sauti ya spika nne, na mtaani hakuna aliyeuliza.

Ninalopendekeza

Kabla ya vikundi kugawanyika, naomba kila katekista na mwinjilisti aandike kwenye karatasi majina ya watu wanne katika eneo lake walio wagonjwa, wazee au wapweke na ambao si waumini wa kanisa lake. Ukishindwa kufika wanne, rudi ukaulize kwa balozi wa nyumba kumi. Mfuko wa jumuiya utoe kwanza nauli na sabuni za kuwafikia hao, ndipo tuzungumzie mahema na vipaza sauti. Na yule mnayemtuma asiende mara moja na kamera. Aende siku tisa.

Karatasi ziko kwenye meza ya nyuma, na kalamu zipo.