Sinema ya Bure



Shule zifungwapo mwezi wa Agosti, jioni huwa ndefu kwa vijana wetu wa sekondari pale Mowlem. Wengine hukaa chumba kimoja na wazazi na wadogo zao. Banda la video li karibu, shilingi chache tu mlangoni, wala hakuna awaulizaye wanatazama nini. Sisi wazazi twawakaripia: Msiende huko! Lakini waende wapi?

Tukiwafungulia ukumbi wa kanisa kila Ijumaa, tukawaonyesha sinema bila kiingilio, tutafanya vema. Picha za kufaa ziko. Iko ile ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka. Iko Supa Modo ya hapa Kenya, ya mwaka 2018: msichana Jo ana maradhi yasiyopona, na kijiji kizima chajitolea kutengeneza naye sinema.

Lakini picha ikiisha na taa zikiwashwa, ni nani atakayeketi nao? Hapo ndipo kijana huuliza neno aliloogopa kuuliza nyumbani. Tukisimama mlangoni na funguo mkononi, atanyamaza, aende zake.

Paulo awafundisha Waefeso, sura ya 2, kwamba wokovu ni zawadi. Sisi hatukulipa kitu. Aliyelipa ni Mwokozi. Basi sinema iwe bure kwa vijana, lakini sisi tuilipie kwa jioni zetu.

Tuombe. Ee Bwana, utupe subira ya kuketi na watoto wetu na kuwasikiliza. Amina.