FENI KUUKUU: TUANZE NA WAYA, RANGI BAADAYE

(Mazungumzo na kikundi cha kujisaidia, Likoni)

Mmeniomba nizungumze juu ya zile feni tatu za zamani mlizopewa. Mmeniuliza: tuzitengeneze, ama tuwauzie wanunuzi wa vyuma? Kabla ya kujibu, nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa feni ya meza, kuukuu, ya chuma, kwa ajili ya darasa la chekechea. Ilikuwa imeliwa na kutu, maana hewa yetu ya chumvi mnaijua. Nikanunua msasa na kopo la rangi ya kijani. Jumamosi nzima nikakwangua na kupaka. Lo, iling'aa! Jumatatu nikaichomeka, ikazunguka, watoto wakapiga makofi. Saa nne mama anayepika uji akaja kuisogeza, mikono imelowa maji ya kuoshea vikombe. Stima ikampiga, akaanguka chini. Namshukuru Mungu, aliiachia. Mkono ulimuuma siku mbili. Nami sikulala, nikijiuliza: je, angekuwa mtoto?

Fundi alipoifungua alinionyesha. Mpira wa waya ulikuwa umekauka na kupasuka pale waya unapoingia ndani ya feni, na shaba ikagusa chuma. Plagi ilikuwa ya pini mbili, haina athi. Yaani mwili wote wa feni ulikuwa na stima, na mimi nimeupaka rangi! Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa msiogope mkazitupa. Stima ni jambo la zamani hapa Mombasa, kampuni yake ya kwanza ilianza mwaka 1908. Ndiyo maana majumbani bado tunakuta feni za Uingereza na za India zilizodumu miaka mingi. Chuma chake ni kizito na mota inafunguka kwa bisibisi. Na gharama ya kuitumia si kubwa. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 hutumia chini ya nusu uniti. Mwezi wa Machi, kaskazi inapokatika na joto kushika, mgonjwa aliyelala ndani ya nyumba ya mabati anajua thamani yake.

Basi tufuate utaratibu huu.

Kwanza, WAYA. Msiichomeke kwanza "tuone kama inafanya kazi". Hapo ndipo watu huumia. Toeni waya wote wa zamani, wekeni mpya wenye nyuzi tatu. Feni za zamani za Uingereza zilitumia nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa athi. Waya za siku hizi ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani yenye mstari wa manjano kwa athi. Msichanganye. Athi ifungwe kwa skrubu kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi. Plagi iwe ya pini tatu na fyuzi ya ampea 3, si 13. Tena, kama soketi ya nyumba yenyewe haina athi, huo waya wa tatu hausaidii kitu. Kazi hii apewe fundi wa stima aliyefunzwa, naye apime kwa mita kama koili haijagusana na mwili.

Pili, MAFUTA. Hii mnaiweza wenyewe. Plagi ikiwa imechomolewa, zungusheni mapanga kwa mkono. Yakiwa mazito, mafuta ya zamani yamekauka kama gundi. Yafuteni, kisha toneni matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye bushi za shafti. Msitie mafuta ya kupikia, maana nayo yataganda. Kama mapanga ni mepesi, lakini feni ikiwashwa inanguruma tu mpaka isukumwe, mara nyingi ni kapasita iliyochoka. Fundi aweke yenye namba ile ile ya maikrofaradi, na volti zisiwe chini ya zile zilizoandikwa. Kapasita huweza kushika stima hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo nyinyi msiiguse.

Tatu, na mwisho, RANGI. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Msikwangue kavu. Lowesheni, tumieni msasa wa maji, mbali na watoto na jiko, kisha futeni kwa kitambaa kibichi. Msipinde panga hata moja, feni itatikisika. Na angalieni kile kizimba cha mbele: mingi ya zamani ina mianya mipana ambayo kidole cha mtoto hupita. Feni ya namna hiyo ikae juu, pasipofikiwa.

Mkimaliza, iwasheni saa nzima mkiwa karibu. Kisha zimeni, chomoeni, gusa mota. Vuguvugu si neno. Ikiwa moto mpaka mkono haukai, au ikinuka kuungua, irudi kwa fundi.

Sasa jibu langu. Iliyoungua koili, kaulizeni kwanza bei ya kuisuka upya. Ikizidi uwezo wenu, hiyo iuzeni kama chuma, si aibu. Zilizo na koili nzima, zitengenezeni. Na mkiuza, mwambieni mnunuzi mlichobadilisha na ambacho hamkubadilisha. Feni ambayo hungeiweka karibu na mwanao, usimuuzie jirani.

Ile feni ya chekechea ingali inazunguka. Lakini yule mama, kila ninapoleta chombo chochote cha stima, huniuliza kwanza: "Athi iko?" Nami simwambii "ndiyo" mpaka nifungue plagi tuangalie wote wawili.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni vyombo gani vya stima nyumbani kwetu vina waya uliopasuka au plagi isiyo na athi?
2. Ni fundi gani tunayemwamini, na je, vijana wetu wawili wanaweza kujifunza kwake?
3. Chombo tulichotengeneza kikimdhuru mnunuzi, kikundi kitafanya nini?