Undugu wa Lugha Hautoi Hatimiliki

Kila mzozo wa msitu wa Mau unaporudi kwenye taarifa ya habari, hapa kwetu Kuresoi husikika hoja ileile: Waogiek, jamii inayodai ardhi ya msitu huo, ni Wakalenjin tu, maana lugha yao ni jamaa ya Kikipsigis, mojawapo ya lugha za Wakalenjin; basi hawana dai lao wenyewe. Undugu wa lugha hizo ni wa kweli, na una kanuni. Sikiliza majirani wengine wa hapahapa: Mkikuyu husema ithatu na ithano, Mkisii isato na isano, nasi kwa Kiswahili twasema tatu na tano. Sauti inabadilika, lakini kwa utaratibu, na kwa utaratibu wa namna hiyo wataalamu walikiunga Kiingereza na Kijerumani, tena wakakitoa katika ukoo huo Kihungari, ambacho kimezungukwa na lugha zisizo zake na jamaa yake, Kifini, yuko mbali kaskazini. Ujirani, basi, si ukoo.

Atauliza mtu: je, wenye lugha za ukoo mmoja si watu wamoja? Waingereza na Wajerumani walipigana vita viwili vikuu. Na jina Wakalenjin lenyewe lilienea miaka ya 1940, lugha zikiwa za kale mno. Isimu hueleza maneno yalikotoka. Mwenye ardhi haimjui. Mwezi Mei 2017, Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliwatambua Waogiek kuwa jamii ya asili na kuamua kwamba Kenya ilikiuka haki yao ya ardhi Mau. Anayetaka kuipinga hukumu hiyo alete hoja za sheria, si orodha ya maneno yanayofanana.