Kengele Haikuwa ya Mwisho

Haya ni mazungumzo ya kocha wa baiskeli mbele ya vijana, wazazi na maafisa wa michezo mjini Nakuru.



Nimeombwa niwaeleze namna ya kujiandaa kwa mashindano ya kitaifa ya baiskeli za uwanjani. Nitaanza na siku niliyoshindwa, maana ndiyo iliyonifunza.

Wakati huo nilikuwa nikibeba abiria kwa baiskeli kutoka stendi hadi Kaptembwo, kabla pikipiki hazijatunyang'anya kazi. Miguu nilikuwa nayo. Aliyezoea kubeba mama, mtoto na nusu gunia la viazi hamwogopi mtu. Nikaingia mbio za pointi. Katika mbio hizo, kila baada ya mizunguko kadhaa hupigwa kengele, na mzunguko unaofuata ndio wa kugombea alama. Wa kwanza hupata 5, wa pili 3, wa tatu 2, wa nne 1, na mwenye jumla kubwa mwishoni ndiye bingwa. Mimi sikuwa nimeambiwa, na sikuuliza. Kengele ya kwanza ilipolia nilidhani ni ya mwisho. Nikachomoka, nikavuka mstari peke yangu, nikainua mikono na kuacha kukanyaga.

Hilo likawa kosa la pili. Baiskeli ya uwanjani haina breki, wala haina friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo huzunguka, utake usitake. Zilinirusha chini kama gunia. Namshukuru Mungu sikumwangusha mwenzangu. Nilipoinuka, nikijifuta vumbi, ndipo nikasikia kwamba zaidi ya nusu ya mbio ilikuwa bado. Kovu ni hili hapa kwenye kiwiko, watoto wanaweza kuja kuliona baadaye.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kuuliza bei ya baiskeli, uliza kanuni za mbio zako. Zile za kilomita moja unashindana na saa tu. Keirini huongozwa na pikipiki ndogo, nayo hutoka uwanjani mizunguko mitatu ikiwa imebaki. Asiyejua hayo hushindwa akiwa na nguvu zake zote.

Najua mtasema hatuna uwanja. Ni kweli. Velodromu ya kisasa ni ya mbao, mzunguko wake mita 250, na kona zake zimeinuka zaidi ya digrii 40. Kenya hatuna. Ukitaka kuiona barani lazima uende mbali, kama Cairo au Abuja. Wengine hunitajia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne. Sawa, lakini hizo ni mbio za barabarani.

Tulicho nacho ni hewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Aguascalientes, Mexico, una kimo karibu sawa na chetu, na ndiko Victor Campenaerts wa Ubelgiji alikokwenda mwezi Aprili 2019 akavunja rekodi ya dunia ya saa moja, kilomita 55.089. Alifuata hewa nyepesi, ambayo haimzuii sana mwendeshaji. Sisi tunaivuta bure kila asubuhi! Ila ukishuka Cairo hewa ni nzito zaidi, na gia uliyoizoea hapa itakuelemea. Ipunguze kidogo.

Mwendo wa kukanyaga bila kupumzika unaweza kujifunzia hapa hapa. Fundi mzuri atakufungia gurudumu la nyuma lisilo na friwili. Lakini breki ya mbele usiitoe, huku kwetu kuna ng'ombe na matatu. Na tafadhali, msifanyie mazoezi ya kasi kwenye barabara kuu ya kwenda Salgaa. Malori ya pale hayakuoni. Kupanda milima, nendeni Dundori au Subukia, mapema, mkiwa wawili wawili na taa nyuma.

Mheshimiwa, sikuja kuomba velodromu. Najua bajeti, na kuna zahanati zinazosubiri dawa. Naomba saa mbili tu, Jumapili asubuhi, barabara moja ya tambarare isiyo na magari, na askari wa kaunti wawili wa kufunga ncha zake. Vijana hawa wanafanya mazoezi kila wiki, na kila Jumatatu mimi huhesabu kama wamerudi wote.

Nimemaliza. Wenye baiskeli tukutane pale nje chini ya mti. Aliye na spana ya 15 aje nayo, yangu iliazimwa na haijarudi.